Namba Nilizogawa Mwenyewe

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili ni la kazi. Kurasa za mbele ni za Dada Rukaiya wa maabara: saa ya kuondoka Kirua, saa ya kufika Moshi, barafu ipo au imeisha, tatizo lipo au hakuna. Kurasa za nyuma ni zangu. Hakuna aliyenipa, nimejipa.

Jina: Primus Ndelilio. Umri: ishirini na moja. Elimu: kidato cha pili na kidogo, na hicho kidogo tusikizungumzie. Kazi: mbeba damu. Mradi wa lishe ulitafuta kijana wa pikipiki anayeijua milima ya Kirua Vunjo hata akifungwa macho. Tulienda saba. Wakachukua mmoja. Sasa usiniulize ni nani.

Jumatano, 12 Machi

Safari ya kwanza. Nesi Priska wa zahanati anawatoa damu wanawake wanaotaka kushika mimba, vichupa vinaingia kwenye boksi la barafu, mimi nashuka navyo mjini. Kila kichupa kimeviringishwa foili, kimebandikwa plasta yenye namba.

Kufika maabara nikamuuliza Rukaiya, "Dada, hivi ni viazi vya kuchoma?"

"Punguza mdomo, ongeza barafu," akasema. Ni wa Soweto, mtaa wa hapo Moshi, ana miaka kama thelathini, hacheki ovyo. "Ndani ya hiyo damu natafuta foleti. Ni kirutubisho. Mwili wako hauwezi kuitengeneza, lazima uile: mboga za majani, maharage, maini. Na ni kitu dhaifu. Mwanga unaiua, joto linaiua, hewa inaiua."

"Kama demu wa mjini."

"Kama dereva wa pikipiki. Weka hapo."

Chumba chake kina taa ya njano na pazia nzito. Damu inazungushwa kwenye mashine, maji yake ya juu yanavutwa, anatia unga kidogo wa vitamini C ili foleti isiharibike, kisha anawalisha vijidudu. Kweli kabisa, anafuga vijidudu! Hawawezi kuongezeka bila foleti. Anawapa tone la mtu, anawaweka kwenye joto siku mbili. Wakizaliana, maji yanakuwa na ukungu, maana yake foleti ipo. Maji yakibaki maangavu, mwenye damu hana kitu.

Nimemwambia nyumbani tunafuga kuku, tubadilishane uzoefu. Akanionyesha mlango.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Dakika hamsini na mbili hadi mjini. Hakuna mwingine anayeweza.

Jumatatu, 24 Machi

Naishi kwa kaka yangu Efraimu. Yeye ni mpagazi, siku nyingi yuko mlimani na mizigo ya wazungu, kwa hiyo nyumbani ni mimi na mke wake, Ruth. Leo kapika mnafu. Kauchemsha, kamwaga maji ya kwanza, kauchemsha tena, kamwaga, ndipo kaukaanga.

Mimi sasa ni mtaalamu. Nikamwambia, "Shemeji, foleti yote umeimwaga kwenye migomba. Ndiyo maana migomba inazaa vizuri kuliko sisi."

Nilitaka kuchekesha. Akaweka mwiko chini akatoka nje.

Nilisahau. Hapana, sikusahau. Mwaka jana mwezi wa nane Ruth alijifungua mtoto wa kike aliyeishi saa nne. Alizaliwa kwao Kahe, huku juu watu waliambiwa mimba imeharibika. Kaka na mimi ndio tuliomleta tukamzika kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, nyuma ya zizi. Nilimwona mgongo wake. Kwa chini ulikuwa wazi.

Jumatano, 2 Aprili

Leo niandike vizuri.

Zahanati wanawake kumi na wawili, Ruth akiwa mmoja wao. Nesi Priska anauliza maswali kila mtu masikio wazi, maana pazia ni la kanga. Nikamsikia anamuuliza Ruth, "Umewahi kuzaa?" Ruth akasema, "Hapana." Macho yetu yakakutana. Nikatazama barafu yangu.

Magreth wa dukani naye alikuwepo. Ameolewa miaka mitano, hana mtoto bado, mdomo wake ni wembe. "Primus, damu yangu usiimwage huko njiani, ni ya bei!" Nikamwambia itafika kabla hajafika dukani kwake. Wanawake wote wakacheka, nami nikawasha pikipiki kama ninarushwa kwenye televisheni.

Wingu lilikuwa jeusi juu ya mto. Nikakata njia ya mkato ili niwahi kabla maji hayajajaa. Kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu gurudumu la nyuma likaenda kwake, mimi kwangu, boksi kwake. Kifuniko kikafunguka. Barafu ilikuwa imeshayeyuka nusu, na vichupa vimelowa. Hakuna kilichovunjika, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ila vichupa vinne vimebanduka plasta. Plasta nne zinaelea kwenye maji ya barafu: tano, saba, tisa, kumi na moja. Na vichupa vinne vinanitazama, vyote sawasawa.

Sheria naijua. Kichupa kisicho na namba kinatupwa, mama anaitwa tena, anatolewa damu upya. Unasema tu. Rukaiya aliniambia mara tatu: sema tu, Primus, hakuna atakayekula nyama yako.

Lakini akilini nilimwona Magreth akicheka mbele ya duka. Nikawaona wale vijana sita wengine waliokosa kazi. Nikajiambia: wote wanatoka kijiji kimoja, wanakula ndizi zilezile na mnafu uleule, damu zao zitapishana nini? Nikazikausha plasta kwenye shati. Nikazigawa kama karata.

Kwenye ukurasa wa mbele nimeandika: Tatizo, hakuna.

Alhamisi, 3 Aprili

Goti linauma. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Vichupa kumi. Mwendo wa bibi harusi. Rukaiya kasema, "Leo umekua."

Ijumaa, 11 Aprili

Majibu ya tarehe mbili yamepanda nami, bahasha imefungwa. Nesi Priska kawasomea mmoja mmoja. Vidonge vya mradi vinahesabiwa, kwa hiyo anavipata aliye chini tu. Katika wale wanne wa plasta, Ruth na Magreth wakiwemo, wawili wako chini sana, wamepewa vidonge. Wawili wanatosha, wameambiwa waendelee na chakula kizuri. Ruth anatosha. Magreth anatosha, na kautangazia ulimwengu: "Mimi ni ng'ombe wa maziwa! Nitafutieni dume!"

Ruth kaikunja karatasi yake mara nne kaiweka kifuani.

Jumatatu, 14 Aprili

Kaka karudi mlimani, midomo imepasuka kwa baridi. Ukuta wetu ni wa mbao. Nilimsikia Ruth akisema, "Karatasi imesema niko sawa. Haikuwa mimi. Tusisubiri tena." Kaka akasema, "Una hakika?" Akajibu, "Wamepima, Efraimu."

Nimelala nje kwenye kibanda cha majani ya ng'ombe. Nimesingizia joto. Kirua, mwezi wa nne, joto!

Jumatano, 16 Aprili

Leo nilimuuliza Rukaiya swali la kijinga, kama mtu anayejipitisha tu. "Dada, hivi mtu akikosa foleti siku mbili tatu, kinaharibika nini?"

Akafurahi. Nadhani hakuna anayemuulizaga. Akachukua karatasi akaichana umbo la jani la mgomba.

"Mwili unajengwa na seli. Seli ikitaka kuwa mbili, lazima inakili maandishi yake yote, herufi kwa herufi. Foleti ndiyo inayoleta vipande vya kunakilia. Ikikosekana, kunakili kunakwama. Sasa mtoto tumboni ndipo seli zinapogawanyika kwa kasi kuliko wakati wowote. Uti wa mgongo wake unaanza bapa, hivi. Halafu kingo zinajikunja, zinakutana, zinafunga kama zipu, juu mpaka chini." Akaikunja ile karatasi ikawa bomba. "Siku ishirini na nane tangu mimba itunge, kazi imekwisha. Mama wengi siku hiyo hata hawajajua kama wana mimba."

"Na vipande visipofika?"

"Zipu inabaki wazi. Kichwani, au mgongoni." Akaweka kidole chini kabisa ya lile bomba.

Pale pale. Mahali palepale nilipopaona.

"Ndiyo maana tunawapima kabla," akasema. "Baadaye unatoa vidonge, unasaidia mengine, lakini hapo umeshachelewa. Primus? Mbona umebadilika uso?"

Nikasema ni njaa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimenunua vidonge vya foliki, foleti ya kiwandani, duka la dawa mjini. Bei ya soda mbili! Nimemkuta Ruth anakata majani ya ng'ombe. Nimemwambia yote: mteremko, plasta, karata. Nilikuwa nimejiandaa anipige kwa bapa la panga.

Hakunipiga. Aliupokea mkebe, akameza kimoja bila maji. Akaniuliza, "Tumboni kwangu labda kuna kitu cha siku tatu. Nimewahi?"

"Umewahi, shemeji. Kama kipo."

"Na wale wengine watatu?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Kesho."

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Maabara imefungwa. Ruth: "Umesema?" Kesho.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua mchana kutwa. "Umesema?" Simu ya Rukaiya haikupatikana. (Sikupiga.)

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwaya imeimba vizuri. Magreth kavaa gauni la kijani, kaniambia nimekonda, nani kaniroga. Ruth hakuuliza leo. Alinitazama tu wakati wa maungamo.

Jumatatu, 21 Aprili

Sikukuu bado. Kesho.

Jumanne, 22 Aprili

Mto umejaa, hakuna anayevuka. Nilifurahi kuuona umejaa. Naandika hili nilione: nilifurahi.

Jumatano, 23 Aprili

Nilifika maabara. Nilikaa kwenye benchi dakika kumi nzima. Rukaiya alikuwa na wageni wa mradi. Akanitambulisha kwao: "Huyu ndiye kijana wetu, hajawahi kupoteza kichupa." Wakanipa mikono. Nikarudi.

Alhamisi, 24 Aprili

"Umesema?" "Kesho." Akasema, "Hiyo kesho yako ni ndefu, shemeji. Mimi nameza, wao wanasubiri nini?"

Ijumaa, 25 Aprili

Kesho.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Niliamka nikatembea kwa miguu hadi barabara kuu, sikuitaka pikipiki yao chini yangu. Soweto niliuliza nyumba mara mbili. Mama yake alinifungulia, nikamwamkia shikamoo, akaniambia ingia mwanangu, chai iko tayari.

Nilimsimulia Rukaiya huku nikitazama mkeka. Nilipomaliza alikisogeza kando kikombe changu cha chai.

"Namba kubandikwa kwenye foili na si kwenye kichupa chenyewe, hilo kosa ni letu," akasema. "Kuanguka si kosa la mtu. Kuzigawa, hofu. Hayo yote nayaelewa. Sasa niambie. Ni lini ulijua kwamba inadhuru?"

"Tarehe kumi na sita."

"Leo ni tarehe ngapi?"

Nikamwambia.

"Na shemeji yako alipata vidonge lini?"

"Kumi na saba."

Aliinuka akampigia Nesi Priska palepale, sikukuu na yote. Aliporudi aliweka mkono wazi mezani. Nikatoa funguo za pikipiki.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumezunguka kwa miguu, mimi na Nesi Priska, kwenye matope, kuwatoa damu upya wale watatu. Sharti la Rukaiya: kila nyumba niseme mwenyewe. Mama wa kwanza alinitukana kwa Kichagga, matusi ya heshima. Wa pili alisema wanyonya damu ni sisi, akakubali baada ya mumewe kumsihi. Vidonge vya mradi wote wawili walikuwa hawajavigusa, viko kabatini. Wa tatu, Magreth.

"Primus! Umeinywa yote unataka nyingine?" Kisha akakaa kwenye gunia la mahindi, jasho limemtoka. Akasema tangu Pasaka harufu ya mafuta ya taa inamtapisha.

Nesi Priska akamtazama. "Siku zako za mwisho ni lini?"

"Machi kumi na nane. Nilidhani ni uchovu tu."

Kipimo kikatoa mistari miwili. Magreth akapiga kigelegele mpaka wateja wakaingia ndani. Akamkumbatia nesi, akanikumbatia na mimi. Nesi Priska alikuwa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wa Magreth. Niliviona vile vidole. Akamtoa damu, akampa vidonge hapohapo, akasema anza sasa hivi, maji haya hapa.

Njiani nikamuuliza, "Siku ngapi?"

"Ishirini na saba tangu itunge, kama nimehesabu vizuri."

Ijumaa, 2 Mei

Majibu. Wa kwanza chini. Wa pili anatosha. Magreth chini, chini kuliko wote.

Ruth hakupimwa tena, ameshameza sana, damu yake sasa ingesema habari ya vidonge. Lakini vile vichupa vinne vilikuwa na wawili chini na wawili wanaotosha. Ukitoa hao watatu, kilichobaki kinatosha. Ni cha Ruth. Foleti yake ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kwa karata zangu nilimpa karatasi isiyomdanganya.

Niliyemkimbilia hakuhitaji. Aliyehitaji nilimwambia "kesho" na hata hakuisikia.

Jumamosi, 17 Mei

Nabeba ndizi sokoni. Mgongo unauma.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekatika. Ruth hajashika mimba bado. Anameza kila siku, na mnafu sasa hamwagi maji. Ni mchungu. Tunaula.

Alhamisi, 26 Juni

Magreth kanipa soda ya bure. "Ya mjomba wa mtoto." Sikuweza kuikataa na sikuweza kuinywa. Nilimpa mtoto wa jirani.

Jumatano, 23 Julai

Baridi, mlima haujaonekana siku nne. Magreth alienda mjini kupigwa picha ya tumbo. Nesi Priska kaja mwenyewe kuniambia, kasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Mgongo wa mtoto uko wazi, chini. Moyo unapiga vizuri. Anaweza kuishi, akizaliwa mgongo ufungwe mapema kwa upasuaji. Miguu hawajui.



Ijumaa, 25 Julai

Nilikata jani la isale, kama wazee wanavyofanya mtu akienda kuomba radhi. Duka halikuwa na mteja. Zamani lilikuwa na foleni.

Magreth aliliona jani kabla hajaniona mimi. "Hilo lirudishe kwenye mpaka wa shamba ulikolikata."

Nikaliweka mfukoni. Nikaanza ile hotuba yangu: Dada Rukaiya anasema hakuna awezaye kujua kwa hakika, wapo wanaomeza mapema na bado...

"Najua. Alikuja mwenyewe akanieleza, alikaa hapo ulipo. Sikuulizi kama ni wewe. Nakuuliza zile siku tisa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Naogopa," nikasema. "Nilikuwa naogopa kuchekwa na wewe."

Akacheka, kicheko kibaya kisicho na sauti. Akafuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu.

"Unajua wanasemaje huko nje? Kwamba mume wangu alijenga duka juu ya kaburi la babu yake. Mama mkwe anataka tuchinje. Watu hawanunui unga wangu, Primus, wanaogopa laana iko kwenye gunia. Mtoto hajazaliwa ameshapewa jina." Akaninyooshea kitambaa. "Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, utasimama. Utasema kitu kilichokosekana kinaitwaje, kinapatikana wapi, kinafanya kazi siku ngapi. Utasema na ulichofanya. Chote. Halafu waniangalie usoni wanunue unga."

"Nikisema chote, nitamtaja Ruth. Na mtoto wake."

"Hilo kamuulize Ruth."

Jumamosi, 26 Julai

Nilimkuta nyuma ya zizi, anang'oa magugu. Nilimwambia anachotaka Magreth. Aling'oa hadi akamaliza upande mmoja.

"Wangapi wengine wamezika nyuma ya zizi wakasema mimba imeharibika?" akauliza. "Basi mtaje. Tulimwita Neema. Sema hivyo, usiseme 'kile kitoto.'"

Jumapili, 27 Julai

Ibada ilikuwa ndefu. Nje, mzee wa kanisa alinadi mikungu mitatu, mayai, jogoo aliyemdonoa, watu wakacheka. Kisha akaniona nimesimama kando ya meza mikono mitupu.

"Haya, Primus. Mdomo tunaujua. Leo unauza nini?"

"Siuzi kitu, baba."

Wakacheka tena. Nilisubiri wamalize. Ilichukua muda, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno la kuwachekesha zaidi. Ruth alikuja akasimama upande wangu wa kushoto, kitenge kimefungwa vizuri. Nikataja jina langu lote na la baba yangu. Nikaanza na mteremko.

Magreth alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye gauni linaloonyesha tumbo. Mimi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa amegeuza kiti, anawatazama wao.